Nilivyompunja Daktari

Jumatatu, 5 Februari

Sindano ya nne. Masanja, mume wangu, amechoma vizuri. Mwanaume anaendesha karasha kule Nyarugusu, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kelele na vumbi kutwa, haogopi kitu. Lakini hii sindano nyembamba kama unywele inamtoa jasho. Anafumba jicho moja. Nimemwambia alifumbue asije akachoma godoro.

Karasha kamwachia mdogo wake mpaka tumalize. Yuko hapa nyumbani Maganzo, anapika, anafua, anatazama saa. Dawa ziko kwenye friji nyuma ya maziwa, ndani ya kopo la siagi. Wageni wa hapa hawana haya, wanafungua friji kama ya kwao.

Miaka tisa ya ndoa. Mimba moja, ikatoka na wiki nane. Basi. Dokta wa Mwanza anasema mayai ninayo tele ila hayakomai, ndiyo maana ya sindano. Yakikomaa watayatoa, watayakutanisha na mbegu za Masanja maabara, kisha warudishe kiinitete tumboni. Ni mara moja tu. Tumeshakubaliana mimi na yeye: ikishindikana tunafunga mlango na hakuna atakayelitaja tena.

Sitaki ishindikane. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitasema.

Jumatano, 7 Februari

Soko. Asubuhi yote kibandani, lensi jichoni. Mama mmoja mchimbaji kutoka Songwa kafungua karatasi ya sigara, ndani jiwe moja. Jeupe kama maji, pembe zimekaa sawasawa. Moyo uliruka. Nikaguna, nikamrudishia, nikamuuliza kama hana kingine.

Nimelinunua. Kwa bei yangu, si yake.

Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Ukipenda jiwe, litafutie kasoro. Ukiulizwa namba, taja nusu. Uso usiseme kitu. Mwaka wa kumi na nne huu nanunua almasi, madalali wanaume wananiita Mama Karati na wanasema uso wangu ni ukuta. Nafurahia mno kusemwa hivyo.

Tumbo zito. Nimekaa upande upande mpaka saa nane, hakuna aliyejua.

Jumamosi, 10 Februari

Mwanza, utrasaundi. Mayai! Kioo kizima kimejaa viduara vyeusi. Dokta alihesabu upande wa kulia, akahesabu kushoto, akarudia kulia. Mimi nachekelea moyoni, yeye hacheki. Kasema mwili wangu umeitikia dawa kupita kiasi. Tumbo likijaa, pumzi ikibana, mkojo ukipungua, niseme mapema. Kuna mambo wanaweza kubadilisha, hata kuahirisha kurudisha kiinitete.

Halafu akauliza: kuanzia moja hadi kumi, maumivu ni ngapi?

Yalikuwa sita. Nikasema mbili.

Sikufikiri. Ilitoka yenyewe kama inavyotoka sokoni. Tena neno kuahirisha nilikuwa nimeshalisikia. Nikamwona anaandika mbili kwenye faili. Nilijiona mshindi mpaka Misungwi, kisha barabara ikaanza kunitikisa na nikauma meno hadi nyumbani.

Jumatatu, 12 Februari

Mama mkwe kaja kutoka Songwa na jogoo mwekundu. Nimemwamkia, kaitikia, kakaa jikoni, kafungua friji, kafungua kopo la siagi. Ikabidi tumweleze yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia mwanawe.

"Huyo mtoto wa kwenye chupa, ni wetu?"

Masanja kamwambia mbegu ni zake, mayai ni yangu, chupa ni chungu tu. Bibi akafunika kopo la siagi. Akasema sawa, chungu hakibadilishi mboga. Akaomba chai. Nilimpenda sana kwa dakika ile. Alipoanza kuniuliza kwa nini natembea kama bata, nikampenda kidogo tu.

Jioni hii sindano ya mwisho, ile ya kukomaza. Saa waliyoandika, si dakika mbele wala nyuma. Masanja kafumbua macho yote mawili.

Jumatano, 14 Februari

Wamenilaza usingizi, nimeamka, imekwisha. Mayai kumi na tisa! Masanja alipoambiwa alikaa chini sakafuni pale nje ya chumba, watu wakadhani kapata msiba.

Nesi Happy, yule mwenye pengo, kaja na swali lao. Moja hadi kumi? Nikasema tatu. Nikajiona mkweli kupita kiasi. Yalikuwa saba.

Alhamisi, 15 Februari

Simu ya maabara: kumi na moja yamerutubishwa. Kumi na moja! Nimecheka peke yangu bafuni.

Nesi kauliza maumivu. Mbili. Kauliza pumzi. Safi. Sketi ya zambarau haifungi.

Ijumaa, 16 Februari

Wanataka nipime uzito kila asubuhi niwatumie ujumbe. Nimeongezeka kilo nne tangu Jumatano. Nimewatumia kilo moja.

Jumatatu ndiyo wanarudisha. Zimebaki siku tatu. Mtu anashindwaje kuvumilia siku tatu baada ya miaka tisa? Masanja kaniuliza mbona sili. Nimemwambia jogoo wa mama yake ni mgumu.

Jumapili, 18 Februari

Naandikia wodini.

Asubuhi niliinama kuchukua kandambili, pumzi ikagoma. Nikainuka, haikurudi. Masanja kanishika, kaniweka juu ya mizani, kasoma mwenyewe. Zimeongezeka kilo tisa. Kisha akachukua simu yangu akasoma na ujumbe niliokuwa natuma. Alikwenda kuazima gari kwa jirani. Njia nzima hakusema neno, na Masanja ni mtu wa maneno.

Dokta kafika na kanga ya kanisani. Kapiga picha ya tumbo. Vifuko vya mayai vimevimba, maji yamejaa hadi chini ya mapafu. Hakuna kurudisha kitu kesho. Nikishika mimba katika hali hii naweza kufa. Vitakavyokuwa hai maabara vitagandishwa, tusubiri miezi.

Nina hasira na kila mtu. Zaidi ya wote na mtu mmoja, na sitamtaja, ndiye anayeandika.

Jumatatu, 19 Februari

Katika viinitete kumi na moja, vimenusurika viwili. Viwili vimegandishwa. Masanja kaniambia huku anatazama dirishani.

Wamenitoa maji, lita tatu, kwa mpira kupitia ubavuni. Bado tumbo kubwa. Na hapo ndipo mama mkwe alipofika. Kasimama mlangoni, kaona tumbo la miezi minane, kaangusha kapu na kupiga kigelegele. Kirefu. Wagonjwa wawili wakamwitikia. Masanja alimkimbilia akamnong'oneza.

Nimeona watu wakiumia, sijawahi kuona uso ukianguka vile. Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Nilisikia kiti kikivutwa, akakaa, akanishika mguu juu ya shuka.

"Basi maji yatoke," akasema. "Mtoto ataingia."

Nililia humo ndani ya shuka. Aibu tupu.

Jumanne, 20 Februari

Dokta kaja peke yake, kakaa ukingoni mwa kitanda, faili mapajani. Kaonyesha kwa kidole: mbili, tatu, mbili, kilo moja. Kaniuliza mimi ni mtu wa kazi gani. Nikamwambia. Akafunga faili.

"Mama, hapa sinunui kitu kwako. Namba yako ndiyo dawa yangu. Ukinipa nusu, nakutibu nusu."

Angejua Jumamosi ile kwamba ni sita, angebadilisha sindano ya mwisho. Labda haya yote yasingetokea. Alisema labda, hakunihukumu. Ningependa anihukumu.

Nimezoea kuwapunja watu wanaojaribu kunipunja. Huyu hakuwa anajaribu. Nilimpunja mtu aliyekuja na mizani ya haki, na kilichopungua ni changu mwenyewe.

Nesi Happy kaja kubadilisha dripu. Kasema na pengo lake lile: Mama Karati, mficha uchi hazai. Sijui nani kamwambia jina langu la sokoni. Methali hiyo nimeiimba tangu shule ya msingi. Leo ndiyo nimeielewa, na mpira ubavuni.

Akauliza maumivu. Nikafungua mdomo, mbili ikaja mbele. Nikaimeza. Nikasema tano na nusu. Akasema nusu hawana, nikasema basi sita.

Jumamosi, 24 Februari

Nyumbani. Tumbo limeshuka. Masanja kaanza kuongea tena, kaanza na kulalamikia bei ya nyanya. Nimefurahi nusura nimkumbatie barabarani.

Nimemwomba msamaha. Sijui kuomba msamaha, nilianza na kasoro zake. Alinikatiza akasema, Zena, taja ya kwako tu. Nikaitaja.

Jumapili, 17 Machi

Sokoni kama kawaida. Mawe madogo, maneno mengi. Nasubiri. Viwili viko Mwanza kwenye baridi na mimi niko hapa kwenye jua la Maganzo. Silali vizuri. Naogopa.

Ijumaa, 29 Machi

Hedhi jana. Nimepiga simu dakika ileile. Vidonge vimeanza. Masanja karudi kutoka Nyarugusu usiku wa manane na vumbi lake lote, kalala juu ya shuka safi.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekuwa msumbufu. Nimemtumia Nesi Happy ujumbe kuhusu kichwa, kuhusu kiungulia, kuhusu jino, kuhusu ndoto niliyoota nyoka. Kajibu kwamba jino na nyoka si idara yake. Nimemwambia dokta alitaka namba zote. Kanitumia kicheko.

Utrasaundi: mfuko wa uzazi uko tayari. Jumanne ijayo wanarudisha.

Jumanne, 16 Aprili

Saa mbili asubuhi, tuko kwenye benchi la kliniki, simu ya maabara kwa dokta. Kile cha kwanza walipokiyeyusha hakikuamka. Wanaomba ruhusa wayeyushe cha pili.

Cha pili ndicho cha mwisho. Masanja kanitazama. Mimi ndiye niliyesema ndiyo.

Saa moja na robo kwenye lile benchi. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikapotea, nikaanza upya.

Kimeamka.

Walituonyesha kwenye skrini kabla ya kukirudisha. Duara, mng'ao hafifu, upande mmoja umefura kidogo. Fundi wa maabara, mwanamke mdogo mwenye barakoa, akasema hiki ni daraja la kati, si bora sana, tusiweke matumaini makubwa. Lugha yangu kabisa. Jicho langu lilishakimbilia upande uliofura. Miaka kumi na nne ya kutafuta kasoro, jicho halingoji ruhusa.

Nikajisikia nasema, "Huyu ni mzuri."

Kwa sauti, mbele ya watu sita. Sijawahi kusifia kitu kabla hakijawa changu. Dokta kanitazama juu ya miwani. Nikarudia: mzuri sana, mrudisheni kwao.

Ilichukua dakika chache. Nilihisi baridi kidogo, basi. Masanja alikuwa ameshika kidole changu kimoja tu, kile kidogo, kwa nguvu zote za mtu wa karasha. Bado kinauma. Saba.

Jumamosi, 20 Aprili

Hakuna dalili. Siku ya nne. Nimekataa kwenda sokoni, nimekwenda, nimerudi.

Jumatano, 24 Aprili

Damu.

Kidogo, ya kahawia, asubuhi. Nilikaa chooni nikiitazama ile karatasi. Mwili mzima uliniambia funga mdomo. Usipige simu. Usiposema haijatokea. Nilikaa hivyo labda dakika tano, najua hasa nilichokuwa nataka kufanya.

Nikapiga. Nikamwambia Nesi Happy rangi, kiasi, saa niliyoiona. Kauliza maumivu. Nikasema maumivu moja, woga kumi. Akasema subiri, akampa simu dokta. Wameongeza dawa, kuna ya kuchoma kila siku sasa. Hakuniahidi kitu. Kasema tu, "Umefanya vizuri kupiga mapema."

Masanja yuko njiani kutoka Nyarugusu. Mama mkwe sijamwambia. Yeye hastahili kigelegele kingine cha bure.

Alhamisi, 25 Aprili

Tone moja. Nimeripoti.

Ijumaa, 26 Aprili

Safi. Nimeripoti kwamba ni safi. Nasali kwa maneno yoyote yanayokuja.

Jumatatu, 29 Aprili

Kesho damu inapimwa. Masanja kasema tukipata ndiyo atamchinjia mama yake mbuzi, tukipata hapana atamchinjia vilevile, maana bibi huyo kavumilia. Tukacheka, kisha hatukucheka. Sijui nitaishi vipi na hapana. Nimeiandika ili niitazame. Sijui.

Jumanne, 30 Aprili

Ndiyo.

Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Namba ya homoni kubwa, dokta kaisoma mara mbili bila kuombwa. Nesi Happy kanirukia shingoni, kofia yake ikaanguka. Masanja kakaa chini sakafuni tena, palepale pa siku ile. Safari hii watu walimpita wakicheka, wanamjua.

Nimetoka nje ya kliniki, nimesimama katikati ya maegesho, nimepiga kigelegele mwenyewe. Mlinzi katoka kibandani. Nikampigia na yeye kimoja.

Mimi, mwenye uso wa ukuta. Sina uso leo.

Jumatano, 22 Mei

Utrasaundi. Kitu kama punje ya harage, katikati kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima. Dokta kaongeza sauti. Mbio! Mapigo ya mtu mwenye haraka zake. Masanja kaomba wasizime. Wakaacha, foleni nje inangoja.

Kutoka hapo tukaenda moja kwa moja Songwa. Mama mkwe alikuwa anapeta mtama. Nikamwamkia, nikapiga goti, nikamwambia mwenyewe, si kwa kinywa cha mwanawe. Hakupiga kigelegele. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaniwekea kiganja tumboni, akakiacha pale.

"Wabeja, mayu," akasema. Asante, mama.

Hajawahi kuniita mama.

Jumapili, 8 Septemba

Sokoni na tumbo langu mbele kama ngoma. Nalitembeza makusudi. Madalali wanaofahamika kwa ubahili wananiletea maembe mabichi. Mmoja kauliza itakuwaje nikishindwa kuinama kwenye meza. Nimemwambia meza itanifuata.

Mateke mengi jioni. Nimemtumia Nesi Happy idadi. Kasema hakuiomba.

Jumatatu, 30 Desemba

Shinyanga. Mvua tangu alfajiri, mabati ya wodi yanaunguruma.

Uchungu ulianza saa nane usiku, nilifika hospitali saa kumi. Nilipiga kelele. Zote. Mkunga kasema wanawake wa huku hukaza meno wakanyamaza, akaniuliza mimi mwenyeji wa wapi. Nikamwambia wa hapahapa, na maumivu ni kumi, kumi na moja kama mnayo. Nilipiga kelele nilizozihifadhi sokoni miaka yote.

Saa tatu kasoro asubuhi. Msichana. Kilo tatu na gramu mia moja. Kalia kwa sauti kunizidi.

Walimweka kifuani akiwa bado na utelezi. Nilimtazama tu. Masanja kaingia amelowa chapachapa, kasimama hatua mbili kutoka kitandani, kaogopa kusogea. Nikamwambia njoo, huyu hachomi.

Bibi yake kampa jina palepale mlangoni: Kabula, msichana aliyekuja na mvua. Hakumwuliza mtu. Hakuna aliyebisha.

Tumeshinda. Sitaki neno jingine. Tumeshinda.

Jumapili, 19 Januari

Nyumbani. Saa kumi jioni. Masanja kaondoka jana kurudi Nyarugusu, kafika, kapiga simu mara nne. Bibi amelala mkekani ukumbini, kanga usoni. Kuna nepi kumi na mbili kwenye kamba na wingu linakuja, inabidi nizianue.

Maziwa yanavuja, blauzi imelowa. Mgongo unauma. Sijachana nywele tangu Alhamisi. Nina furaha, na siipunguzi hata kidogo.

Nilitaka kuandika zaidi. Kabula ameamka. Naenda.